Mahafali Bila Joho



Mwezi uliopita nilialikwa Thika kwenye mahafali ya madrasa. Watoto walisoma vizuri na wazazi walifurahi. Ila mtoto mmoja hakuonekana. Mamake hakuwa na pesa za kukodi joho; akaona haya, akamwacha nyumbani. Mtoto aliyehitimu sawa na wenzake aliikosa siku yake kwa sababu ya kitambaa.

Nikirudi nilipita Juja, penye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani. Nikamkumbuka mwalimu mmoja mstaafu aishiye Ruiru, mama aliyewahi kusomesha Kiingereza katika shule ya upili huko Japani. Nikapita kumjulia hali, nikamsimulia kisa kile.

“Sheikh,” akasema, “nilikosomesha mimi hapakuwa na joho. Mahafali ni mwezi wa Machi, kabla ya mwaka mpya wa masomo kuanza Aprili. Mwanafunzi huvaa sare ileile ya kila siku. Huitwa kwa jina, mmoja mmoja, naye husimama akaitika kwa sauti. Wazazi wakalisikia jina la mtoto wao, imewatosha. Wadogo huwaaga wakubwa, na wakubwa huwajibu. Kisha huimbwa, na wengi hulia. Mvulana huweza kukitoa kifungo cha pili cha koti lake, kilicho karibu na moyo, akamwachia atakayemkumbuka. Tunu yenyewe ni kifungo tu.”

Maneno yale yalinigusa. Neno letu “kuhitimu” asili yake ni Kiarabu, nalo ni kukamilisha. Kinachokamilishwa ni masomo, si mavazi. Wazee wetu wa mwambao, mtoto akihitimu Msahafu, walipeleka sinia kwa mwalimu, dua ikasomwa, na mtoto akarudi kwao na kanzu yake ileile.

Nilimpigia simu mwalimu wa madrasa, naye, Allah amlipe kheri, hakukawia. Ijumaa iliyofuata, baada ya Alasiri, mtoto yule aliitwa jina lake mbele ya wenzake. Akaitika. Mamake alikuwa amesimama mlangoni, uso ameufunika kwa ncha ya mtandio.

Basi, kina mama na wanakamati, kabla ya kutangaza mchango wa mahafali, tuulizane kwanza: ni nani atakayeshindwa? Huyo ndiye tumpangie.

Wabillahi tawfiq.