Bastola Chumbani: Ya Silinda au ya Magazini?

Kuna mada ambazo wapenzi wengi huzikwepa: madeni, wakwe, simu za usiku. Ongeza na hii: bastola. Je, wewe na mwenzio mmeshawahi kuizungumzia, au mmoja anaitamani kimyakimya na mwingine anaiogopa kimyakimya?

Sisi tunaishi Litapunga, mkoani Katavi. Mume wangu hununua mahindi na mpunga, na msimu wa mavuno kuna usiku fedha taslimu zinalala ndani. Siku moja akaniambia, "Mama Junior, nataka kuomba leseni ya bastola." Sikugomba. Nikamuuliza, "Ya aina gani, na itakaa wapi?" Basi tukakaa kitako.

Zinatofautianaje?

Bastola ya silinda, yaani rivolva, ni ya siku nyingi. Samuel Colt wa Marekani alisajili ya kwake mwaka 1836. Nyingi hubeba risasi 5 au 6. Risasi moja ikigoma, unavuta tena triga na silinda inakuletea nyingine. Ukiifungua unaona kwa macho kama ina kitu au haina. Kama hujaikoki, triga yake ni nzito, hivyo haifyatuki kirahisi. Lakini uzito huohuo unamyumbisha asiye na mazoezi, na kuijaza tena kunachukua muda.

Ya magazini hujikoki yenyewe baada ya kila risasi. Glock 17 ya Austria, iliyotoka miaka ya 1980, inabeba risasi 17. Ni nyembamba, triga laini, magazini inabadilishwa fasta. Ila inaweza kukwama, na mtego wake mkubwa ni huu: ukitoa magazini, risasi moja inaweza kubaki kwenye chemba. Hiyo bastola unayodhani ni tupu ndiyo inayoua.

Kwa mtu asiye na muda wa mazoezi, mimi ningesema silinda. Mume wangu anasema magazini. Lakini hapo ndipo mjadala wetu ulipogeuka.

Giza halijali aina

Februari 14, 2013, Siku ya Wapendanao, mwanariadha Oscar Pistorius wa Afrika Kusini alifyatua risasi 4 kwenye mlango wa choo nyumbani kwake Pretoria, kwa bastola ya magazini ya milimita 9. Ndani alikuwemo mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Alijitetea kwamba alidhani ni mvamizi. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilimtia hatiani kwa mauaji. Hata tukiuchukua utetezi wake ulivyo, bastola ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Aliyeishika ndiye hakujua mwenzake yuko wapi.

Halafu tuseme ukweli: jambazi anaweza asije miaka 10. Ugomvi wa ndani je? Huo huja bila hodi.

Kabla hamjaamua

- Silaha bila leseni ni jela. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji awe pia anajua kuitumia. Haiazimwi, na mwenyewe akifariki hairithiwi kienyeji.
- Iwe kwenye kabati la chuma lenye kufuli. Chini ya mto au juu ya kabati la nguo, mtoto ataifikia.
- Kama nyumbani kuna pombe nyingi, wivu au msongo wa mawazo, jibu ni hapana. Usione haya kulisema.
- Punguzeni kinachomvuta mwizi. Pesa isiyokuwepo haiibiwi.

Sisi tumeanzia hapo pa mwisho. Wakulima wengi sasa wanalipwa kwa simu, mlango umewekwa nondo, na majirani tumepeana namba. Baba Junior bado anaitaka bastola yake. Nimemwambia nitakubali akinijibu swali moja tu: usiku wa manane, taa zimezimwa, atajuaje kwamba anayenyata sebuleni si Junior anayetafuta maji?

Bado anafikiria.