Marubani Wazoefu na Soko la Kazi la Ulaya

Kila mashirika ya ndege ya Ulaya yanapotangaza nafasi za kazi, habari huenea hata huku kwetu kwamba dunia ina upungufu wa marubani. Huwafikia pia wanafunzi wa sekondari wa Bariadi, Maswa na Meatu, na wapo wazazi ambao kwa ajili hiyo hufikiria kuuza ng'ombe ili kijana apelekwe chuo cha urubani. Imani yao ni kwamba akishakuwa mzoefu, milango ya Ulaya itafunguka yenyewe.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi soko hilo linavyofanya kazi. Jibu lake kwa ufupi ni hili: mahitaji ya marubani ni ya kweli, lakini hakuna shirika linaloajiri uzoefu kwa jumla. Huajiri uzoefu wa aina fulani, ulio ndani ya leseni fulani, kwa wakati fulani. Asiyeyajua hayo anaweza kutumia mali ya familia na bado akabaki nje ya mlango.

Mahitaji ya marubani huhesabiwaje?

Hebu tuanze na hesabu rahisi. Ndege ya abiria inayofanya safari fupi za Ulaya inaweza kuwa angani kwa saa 10 kila siku. Kwa mwaka mzima hizo ni saa 3,650. Sheria za Umoja wa Ulaya haziruhusu rubani aruke zaidi ya saa 100 katika siku 28 mfululizo, wala zaidi ya saa 900 katika mwaka wa kalenda, kwa kuwa uchovu ni adui mkubwa wa usalama. Tukigawanya 3,650 kwa 900, tunapata jozi nne na kidogo za marubani. Tukiongeza likizo, maradhi na siku za mafunzo, zinahitajika jozi tano hivi. Kwa kuwa kila jozi ina rubani mkuu na rubani msaidizi, ndege moja huhitaji marubani wapatao 10.

Hivyo basi, shirika likiagiza ndege 50, linaagiza pia kazi za marubani 500, mbali na nafasi za wanaostaafu. Kwa kanuni za kimataifa, rubani wa ndege ya abiria yenye marubani wawili hulazimika kustaafu atimizapo miaka 65. Kikomo hicho kilikuwa miaka 60 hadi mwaka 2006. Kwa msingi wa mahesabu ya namna hiyo, kampuni ya Boeing ilikadiria mwaka 2024 kwamba dunia ingehitaji marubani wapya 674,000 katika miaka 20. Msomaji akumbuke, hata hivyo, kwamba kampuni hiyo ni muuzaji wa ndege, na kwamba makadirio ya miaka 20 hayaonyeshi mabonde yaliyomo njiani.

Saa za urukaji hazilingani

Uzoefu wa rubani hupimwa kwa saa zilizoandikwa katika daftari lake la urukaji. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, leseni ya biashara hutolewa baada ya saa 200, au 150 kwa aliyefuata kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ambayo humruhusu mtu kuwa rubani mkuu wa ndege kubwa ya abiria, huhitaji saa 1,500.

Tuchukue mfano wa karibu. Ndege ndogo za injini moja aina ya Cessna Caravan huwabeba watalii kati ya Mwanza na Seronera, katikati ya Serengeti. Umbali kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 210, na mstari huo hupita juu ya sehemu ya kaskazini ya Mkoa wa Simiyu. Kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, safari ni dakika 42; tukihesabu na muda wa kujongea uwanjani, tuseme dakika 45. Rubani aliyeanza na saa 200 na anayetaka kufikia 1,500 atahitaji safari zaidi ya 1,700 za namna hiyo. Akifanya nne kwa siku, ni siku za kazi 433.

Huyo ni rubani hodari. Amezoea viwanja vya vumbi, wanyama wanaokatiza njia ya kurukia, radi za alasiri kandokando ya Ziwa Victoria, na hewa nyepesi ya nyanda za juu, ambamo ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kupaa. Lakini Caravan imeidhinishwa kuendeshwa na rubani mmoja, ilhali sheria za Ulaya hutaka kwamba kati ya zile saa 1,500, saa 500 ziwe za ndege zinazoendeshwa na marubani wawili kwa ushirikiano. Kwa kipimo hicho, daftari lililojaa safari za Seronera laweza kuwa na pengo kubwa.

Wanaotunga sheria wana sababu, na fizikia ya sekondari yatosha kuieleza. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi. Caravan ikitua ikiwa na tani 3.9 kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, na Airbus A320 ikitua ikiwa na tani 66 kwa kasi ya kilomita 250 kwa saa, tungamo la pili ni karibu mara 17 ya la kwanza, na mraba wa kasi ni karibu mara 2.8. Kwa hiyo nishati inayopaswa kumalizwa kwa breki na mitambo mingine ni karibu mara 47. Kosa linalosameheka katika ndege ndogo huenda lisisameheke katika ndege kubwa, na ndiyo maana marubani wawili hufundishwa kusomeana hatua, kukaguana na kusahihishana bila kuoneana haya.

Aina ya ndege

Jambo la pili ni idhini ya aina ya ndege. Rubani wa Boeing 737 haruhusiwi kuingia katika A320 na kuirusha kesho yake; lazima asome mitambo yake, afanye mazoezi katika chumba kinachoigiza urukaji, na afaulu mtihani. Barani Ulaya idhini hiyo hudumu mwaka mmoja, kisha rubani hupimwa tena. Aidha, asiyepaa na kutua mara tatu katika siku 90 zilizopita haruhusiwi kubeba abiria mpaka ajikumbushe.

Afrika Mashariki ina mfano mzuri wa jambo hili. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, lilikuwa na ndege kubwa za Super VC10. Lilipovunjika mapema mwaka 1977, marubani wake walijikuta na ujuzi wa ndege ambayo kwa matoleo yake yote ziliundwa 54 tu. Super VC10 zilizosalia zilirudi Uingereza na baadaye zikageuzwa kuwa ndege za kijeshi za kubebea mafuta. Shirika la Ndege Tanzania, lililoundwa mwezi Machi mwaka huohuo, likajengwa kwa ndege nyingine kabisa, zikiwamo Boeing 737 na Fokker F27. Rubani mzoefu ilimbidi ajifunze upya.

Kinyume chake pia ni kweli. Mwenye idhini ya ndege inayotumiwa na mashirika mengi, na ambaye ameiendesha karibuni, hutafutwa kwanza, kwa kuwa mwajiri huokoa gharama za mafunzo. Baadhi ya mashirika humtaka asiye na idhini hiyo ajilipie mwenyewe.

Leseni na mpaka

Wengi hushangaa kusikia kwamba leseni ya Tanzania, inayotolewa kwa viwango vya ICAO, haimwezeshi mtu kuajiriwa moja kwa moja Ulaya. Sababu imo katika Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944. Kifungu cha 32 kinasema kwamba rubani wa ndege inayosafiri kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na nchi iliyoisajili ndege hiyo. Ndege iliyosajiliwa Tanzania hutambulikana kwa alama 5H, ya Ujerumani kwa D, na ya Uingereza kwa G. Leseni yetu inatosha kwa 5H popote iendapo. Haitoshi kwa D wala G.

Anayetaka kubadili leseni ili arushe ndege za nchi za Umoja wa Ulaya hana budi kupata cheti cha afya cha daraja la kwanza cha huko, kufaulu mitihani 13 ya nadharia, kisha kufanya jaribio la urukaji. Mitihani hiyo huhusu hali ya hewa, uongozaji wa safari, sheria za anga, injini, uzito na mizani, na mengineyo. Uingereza ilitoka katika mfumo huo mwishoni mwa mwaka 2020, hivyo leseni yake sasa ni nyingine. Hata marubani wa Ulaya wenyewe wamelazimika kuchagua au kutunza leseni mbili.

Lipo tena suala la haki ya kuishi na kufanya kazi. Matangazo mengi ya kazi Ulaya humtaka mwombaji awe tayari na haki hiyo, nayo hupatikana kwa uraia au kibali, si kwa saa za urukaji.

Yafaa pia kutaja kwamba mwezi Desemba 2024 Air Tanzania iliwekwa katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya, na mwezi Juni 2025 katazo hilo likapanuliwa kwa mashirika yote yaliyoidhinishwa Tanzania, kwa hoja za usimamizi wa usalama. Orodha hiyo inahusu mashirika, haifuti leseni ya mtu. Hata hivyo inaonyesha kwamba thamani ya cheti cha rubani hutegemea pia jinsi nchi yake inavyoaminika katika ukaguzi.

Majira ya kupanda na majira ya kuuza

Mkulima wa pamba wa Itilima hupanda kuanzia Novemba, na huuza kuanzia Mei. Anapotia mbegu ardhini hajui bei itakuwa ngapi, kwa maana bei hiyo hutegemea soko la dunia. Urubani una tabia hiyohiyo, ila msimu wake ni mrefu zaidi: mafunzo ya kuanzia huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na kupata uzoefu huchukua miaka mingine.

Aliyeanza kusoma mwaka 2018, wakati matangazo ya kazi yalipokuwa mengi, alimaliza mwaka 2020. Mwaka huo, kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, abiria wa ndege duniani walishuka kutoka bilioni 4.5 za mwaka 2019 hadi bilioni 1.8. Maelfu ya marubani wazoefu walipunguzwa kazini. Kabla ya hapo, Monarch ya Uingereza na Air Berlin ya Ujerumani zilikuwa zimesimama mwaka 2017, na Thomas Cook mwaka 2019. Baada ya janga, safari zilirejea haraka, na mashirika yaliyokuwa yamepunguza watu yakaanza kuwatafuta tena.

Kwa hiyo mzoefu asiye na kazi hushindana na nani? Katika majira mabaya hushindana na wazoefu wenzake wa Ulaya, wenye leseni ya huko na haki ya kufanya kazi. Katika majira mazuri wengi wa hao huajiriwa au huhamia mashirika makubwa, yakiwamo ya Ghuba, ambayo yamezoea kuajiri kutoka mataifa mengi. Nafasi za wageni hupanuka wakati huo, na hufungwa mapema kuliko za wenyeji.

Mwanafunzi afanye nini?

Hatusemi kwamba kijana wa Simiyu asiwe rubani. Tunasema ajue anachokinunua. Kwanza, apimwe afya ya daraja la kwanza kabla ya kulipa ada yoyote. Wapo waliogundua kasoro ya macho au masikio baada ya fedha kwisha. Pili, atake kujua leseni itakayotolewa na chuo ni ya nchi gani. Tatu, afikirie kwanza soko la nyumbani na la jirani, kisha asome njia ya kutoka ndege ya rubani mmoja hadi ya marubani wawili, kama zile ATR na Dash 8 zinazotumika nchini. Saa 500 katika ndege hizo zaweza kumsogeza karibu na Ulaya kuliko saa 3,000 za peke yake. Nne, azingatie fizikia, hisabati, jiografia na Kiingereza, kwani ICAO huwataka marubani wa safari za kimataifa wafikie angalau kiwango cha nne cha ufasaha katika lugha ya mawasiliano ya redio.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: shirika lina ndege 12, kila moja ikiruka saa 9 kwa siku, marubani waruke saa 900 kwa mwaka, na moja ya tano ya marubani wote wawe likizo au mafunzoni wakati wowote. Wanahitajika marubani wangapi? Kisha idadi ya safari ipunguzwe kwa nusu, na wanafunzi wajadili ni nani watakaobaki kazini, na kwa sababu gani.