Sauti Nyembamba Zapotea Wapi?

Mtu anunuapo wufa ya bei nafuu, ile yenye sanduku moja kubwa na spika mbili ndogo, hufurahi siku ya kwanza kwa kuwa ngoma yavuma hata madirisha hutetemeka. Baada ya majuma machache watu wa nyumbani huanza kulalamika kwamba maneno ya habari hayaeleweki, na kayamba katika nyimbo ni kama haimo. Ndipo wengine huuza mbuzi ili wanunue chombo kipya, kumbe kile cha kwanza hakina ubovu wo wote.

Sikio la kijana mwenye afya lasikia mitikisiko tangu 20 hata 20,000 kwa sekunde. Mitikisiko michache ni sauti nene. Mingi ni sauti nyembamba. Herufi kama s, f na t hutegemea sana sauti nyembamba, na zikififia, mtu huchanganya "saa" na "taa". Tena, umri ukisonga, sauti hizo ndizo za kwanza kulitoka sikio. Kwa hiyo mzee asiyeelewa habari asidhaniwe kuwa hasikilizi.

Wimbi la mitikisiko 100 lina urefu wa mita 3.4 hivi, nalo hulizunguka kabati bila shida. Wimbi la mitikisiko 10,000 lina sentimita 3.4 tu, huenda mbele moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na nguo nzito hulimeza. Basi spika iliyowekwa nyuma ya kochi, au iliyofunikwa kitambaa kizito kwa ajili ya urembo, imezibwa mdomo.

Dawa ya kwanza haina gharama. Spika ndogo ziondolewe vitambaa, ziinuliwe zilingane na masikio ya mtu aliyeketi, kisha zielekezwe kwake. Sanduku la sauti nene lisisukumwe pembeni kabisa mwa chumba, kwa maana kuta mbili huzidisha mvumo wake. Halafu kitufe cha sauti nene kipunguzwe kabla ya kuongeza kile cha sauti nyembamba. Anayefungua vyote viwili mpaka mwisho hukilemea chombo kidogo. Sauti hukwaruza, na spika huweza kuungua.

Inafaa pia kuchunguza sauti inatoka wapi. Stesheni za masafa ya kati zimetengwa kwa mitikisiko 9,000, hivyo zile sauti nyembamba zaidi hukatwa. Stesheni za FM hufikisha mitikisiko 15,000. Na wimbo uliofinywa sana ili usijaze nafasi katika simu umekwisha kupoteza sauti hizo, wala hakuna kitufe kiwezacho kuzirudisha.

Ikiwa spika ina koni moja tu ya karatasi, fundi aweza kuongeza twita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba. Lakini ni sharti waya wake mmoja upitie kwenye kapasita, ambayo huzuia sauti nene. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya mikrofaradi 4.7, isiyo na upande wa chanya na hasi, hupitisha vema sauti za mitikisiko 4,000 hivi na zaidi. Twita iliyounganishwa pasipo kapasita hupokea nguvu isiyoiweza, ikaungua upesi. Kazi hii ifanywe umeme ukiwa umezimwa na waya kuchomolewa ukutani, wala asiye fundi asifungue sanduku lenye mitambo ya umeme.

Hayo yote yakiisha kufanywa, na watu wote nyumbani wakasikia vema isipokuwa mmoja, basi shida haimo katika spika. Yafaa apelekwe hospitali akapimwe masikio, kwani pengine ni nta tu iliyojaa sikioni, nayo mganga aweza kuiondoa.