Mafuta ya bei nafuu na haki ya jirani sokoni

SIFA zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, masahaba wake na wote wanaofuata uongofu wake hadi Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunakusudia kuzungumzia jambo linalomgusa kila mwenye familia, nalo ni bei ya mafuta ya gari. Bei hiyo haimhusu mwenye gari peke yake. Nauli ya daladala, bei ya unga dukani na malipo ya gari la shule la watoto wetu, vyote hupanda pamoja nayo. Ndiyo maana muuzaji anayeteremsha bei hupendwa na watu, na foleni iliyo mbele ya pampu zake huwa shahidi wa mapenzi hayo. Swali letu ni hili: je, kila unafuu una heri ndani yake? Na mfanyabiashara anapouza chini ya bei ya wenzake, dini yetu inamtazama vipi?

Mfano tutakaoutumia unatoka Marekani, ambako wanaishi ndugu na watoto wetu wengi, na ambako ushindani wa namna hii umefika mbali kuliko kwetu.

Ghala lenye mlango wa kadi

Huko kuna maduka makubwa mfano wa maghala ambayo hayamuuzii kila mpita njia. Mnunuzi hulipa kwanza ada ya mwaka, akapewa kadi ya uanachama, kisha ndipo huruhusiwa kununua kwa bei iliyo karibu na ya jumla. Mtindo huo ulianzishwa na Sol Price, aliyefungua duka la Price Club mjini San Diego mwaka 1976. Mwaka 1983 likafunguliwa duka la kwanza la Costco mjini Seattle, na mwaka huohuo Sam's Club ikaanza katika jimbo la Oklahoma. Price Club na Costco ziliungana mwaka 1993, na mwaka 1995 Costco ikafungua kituo chake cha kwanza cha mafuta mjini Tucson, Arizona. Tangu hapo mafuta yenye punguzo yamekuwa chambo kikubwa cha maduka hayo.

Siri ya bei yao si muujiza. Kwanza, sehemu kubwa ya faida ya Costco hutokana na ada ya uanachama, ambayo tangu Septemba 2024 ni dola 65 kwa mwaka kwa kadi ya kawaida na dola 130 kwa kadi ya daraja la juu. Pili, kituo chake kina pampu nyingi, magari hupita upande mmoja tu, na wahudumu ni wachache. Tatu, huuza mafuta mengi mno kwa siku, hivyo faida ndogo kwa kila galoni, ambayo ni takriban lita 3.8, huwatosha. Nne, aliyekuja kujaza tangi huingia dukani, na akiingia dukani hatoki mikono mitupu.

Ng'ambo ya barabara kuna kituo kidogo. Mara nyingi mwenyewe si kampuni kubwa ambayo jina lake limeandikwa kwenye bango, bali ni mtu na familia yake. Hununua mafuta kwa msambazaji kwa bei ya siku hiyo, hulipa makato ya kadi za benki, na kinachobaki ni senti chache kwa galoni. Ghala linapoteremsha bei, naye hulazimika kuteremsha. Watu wa mtaa mzima hunufaika, hata wasio na kadi ya uanachama. Lakini yeye hawezi tena kuishi kwa pampu. Riziki yake huhamia kwenye kiduka kilichomo kituoni.

Hapo ndipo penye mtihani. Miongoni mwa wenye vituo hivyo wamo Waislamu wengi, na katika viduka vya aina hiyo bidhaa zenye kuleta wateja na faida ni pamoja na bia, sigara na tiketi za bahati nasibu. Senti iliyopotea kwenye pampu huja kutafutwa kwenye jokofu la pombe. Baba anajua kuwa ni haramu, lakini pango la nyumba linamkabili na watoto wanataka kula. Basi mteja anayefurahia dola moja aliyookoa huenda hajui kwamba upande wa pili wa barabara kuna Muislamu anayepigana na nafsi yake.

Umar na Hatib

Jambo hili si geni katika historia yetu. Imam Malik ameeleza katika Muwatta kwamba Umar bin Khattab (RA), akiwa Khalifa, alipita katika soko la Madina akamkuta Hatib bin Abi Balta'a (RA) akiuza zabibu kavu kwa bei ya chini. Umar alimtaka achague moja kati ya mawili: ama aipandishe bei yake, ama aondoke katika soko lao. Wanazuoni waliofuata rai hii wakasema kwamba mtu mmoja haruhusiwi kuivuruga bei ya soko na kuwaangamiza wenzake.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Imam Shafi'i amepokea nyongeza yake, kwamba Umar alirudi akajihesabu nafsi yake, kisha akamfuata Hatib hadi nyumbani kwake na kumweleza kuwa yale aliyoyasema sokoni hayakuwa amri wala hukumu, bali ni jambo aliloliona lina heri kwa watu wa mji. Akamwachia huru auze apendapo na kwa namna apendayo.

Ndugu msomaji, tazama uadilifu huo. Mtawala aliyeogopwa na wafalme anamwendea muuza zabibu mlangoni kwake ili asije akabeba dhuluma. Alikuwa akifuata mafundisho ya Mtume (SAW), ambaye watu wa Madina walipomlalamikia kupanda kwa bei na kumwomba awapangie, alikataa. Aliwafahamisha kwamba mwenye kupanga bei ni Allah, ambaye hubana na hukunjua riziki, na kwamba yeye anatarajia kukutana na Mola wake bila ya yeyote kumdai dhuluma ya damu wala ya mali. Hadithi hiyo imepokewa na Anas bin Malik (RA), na imo katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi.

Kwa hiyo asili ya jambo ni uhuru. Anayeuza rahisi kwa sababu amepunguza gharama zake, au ameridhika na faida ndogo, hana kosa. Bali akinuia kuwapunguzia watu mzigo tunamtarajia malipo. Kinachomgeuza kuwa dhalimu ni nia na mwisho wake: kuuza kwa hasara makusudi ili jirani afunge, kisha abaki peke yake na kupandisha bei atakavyo. Huyo hakuwapa watu nafuu, amewakopesha, na deni lake watalilipa na ziada.

Mzozo kama ule wa Madina umefika pia katika mahakama za Marekani. Jimbo la Wisconsin lina sheria ya mwaka 1939 inayokataza kuuza chini ya gharama, na kwa mafuta ya magari huweka nyongeza ya asilimia 9.18 juu ya bei ya wastani ya jumla, ingawa muuzaji huruhusiwa kuifikia bei halali ya mshindani wake. Wanaoitetea husema inawalinda wadogo. Wanaoipinga husema inamlazimisha masikini kulipa zaidi. Mwaka 2009 jaji wa mahakama ya shirikisho aliibatilisha sheria hiyo kwa upande wa mafuta, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikairejesha. Karne kumi na nne baada ya Umar na Hatib, wanadamu bado wanakwenda na kurudi kati ya soko na mlango wa nyumba.

Ada ya kadi na hukumu yake

Muislamu anayeishi huko ana haki ya kuuliza: je, inafaa kulipa ada ili nipate punguzo? Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Makka mwaka 2006, lilizungumzia kadi za punguzo na kuamua kwamba zile zinazolipiwa ada hazifai, kwa kuwa mlipaji hutoa fedha inayojulikana bila ya kujua atapata nini, na huo ndio utata uliokatazwa katika mauziano. Zile zinazotolewa bure halikuona ubaya wake.

Hata hivyo, wapo wanazuoni wa zama hizi wanaotofautisha kati ya kadi inayouzwa na mtu wa kati, ambaye huahidi punguzo katika maduka ya wengine, na ada ya duka ambalo mwenye bidhaa ndiye anayeitoza na ambalo haliwauzii ila wanachama wake. Hao huiona ada hiyo kuwa ni malipo ya huduma ya kuingia sokoni. Aidha Costco huahidi kumrudishia mwanachama wa Marekani ada yake akitangaza kwamba hakuridhika, jambo linalopunguza utata huo. Sisi hatutoi fatwa hapa. Tunamshauri kila mmoja amuulize mwanachuoni anayemwamini. Lakini jambo moja halina mjadala: kadi ya mkopo inayotoa zawadi kwa kila galoni huzaa riba kwa anayechelewa kulipa. Pampu hizo hupokea pia kadi inayokata fedha moja kwa moja katika akaunti ya mtu, basi hakuna dharura ya kukopa.

Kisha ipigwe hesabu. Tuchukulie familia inanunua galoni 10 kwa wiki na kuokoa senti 20 kwa kila galoni. Hizo ni dola 2 kwa wiki, sawa na dola 104 kwa mwaka. Ukitoa ada ya dola 65 zinabaki dola 39. Ikiwa kila safari huchoma mafuta kwenda mbali, hula nusu saa katika foleni, na humtia mtu dukani akatoka na bidhaa ambazo hakuzihitaji, basi unafuu huo umekwisha kabla ya kufika nyumbani. Israfu haiachi kuwa israfu kwa sababu tu imefanyika mahali pa bei nafuu. Na foleni hiyo ikimkuta mtu adhana ya Ijumaa imekwisha kutolewa, akumbuke kwamba katika Sura ya Al-Jumua tumeamrishwa kuacha biashara na kuuendea utajo wa Mwenyezi Mungu.

Funzo kwetu

Kwetu Tanzania hakuna maghala ya namna hiyo yenye pampu, lakini mabango ya bei tunayaona kila siku. Tangu mwaka 2009 EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na kituo kipo huru kuuza chini ya kikomo hicho. Kituo pia kinatakiwa kuonyesha bei na punguzo lake kwenye bango linalosomeka, na mteja anahimizwa kudai stakabadhi. Wengi wetu huitazama bei kikomo kana kwamba ndiyo bei yenyewe, tukaingia kituo chochote bila kuuliza. Kumbe anayepunguza hata shilingi chache kwa lita kwa njia ya halali anastahili kuungwa mkono, maana akikosa wateja kesho hatapunguza tena.

Lakini tusisahau kwamba bei ya chini si kipimo pekee. Lita iliyopunjwa ni ghali hata ikiuzwa rahisi, na dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa huiua injini ya maskini aliyekopa ili anunue gari. Sura ya Al-Mutaffifin imeanza kwa onyo kali kwa wanaopunja vipimo, na Mtume (SAW) alipotia mkono katika rundo la chakula akakuta limelowa ndani, alimkana mwenye kughushi kuwa si miongoni mwetu. Vivyo hivyo anayefunga pampu na kusubiri bei mpya itangazwe, ilhali tangi lake limejaa, aijue hadithi iliyo katika Sahihi Muslim kwamba hahodhi ila mkosaji.

Tunamalizia kwa nasaha. Muuzaji mkubwa, teremsha bei kwa juhudi yako, usiiteremshe kwa shingo ya jirani yako. Muuzaji mdogo, usikimbilie haramu kuziba pengo la halali. Geuza kiduka chako kuwa cha chakula, matengenezo ya matairi au huduma nyingine safi, na Mwenye kukunjua riziki hatakusahau. Waislamu wenzake nao wamsaidie kwa vitendo. Anayeweza kumudu tofauti ya senti chache amnunulie ndugu aliyeliondoa jokofu la pombe, kwani hiyo ni sadaka isiyohitaji kutangazwa. Na kwa wazazi, tuwafundishe watoto wetu wanapokuwa nasi kituoni kwamba nyuma ya kila bei kuna mtu, na kwamba Siku ya Kiyama tutaulizwa juu ya mali, tuliichuma wapi na tuliitumia vipi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitakase biashara zetu, atuepushe na dhuluma ya kutenda na ya kutendewa, na azibariki riziki za familia zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.