Je, Wajua? Silanga Jipya ni Karamu ya Samaki

Je, wajua kuwa silanga jipya likijazwa na masika, samaki hunona upesi kuliko watakavyonona miaka ya baadaye? Nyasi na samadi zilizozama huoza na kurutubisha maji. Mwani hustawi, wadudu huzaana. Tilapia hula mwani na vijidudu. Usiku, kambare hupapasa tope kwa sharubu zake 8, akimeza minyoo, konokono, hata vifaranga vya tilapia. Hata Ziwa Kariba, bwawa kubwa la kutengenezwa lililoanza kujaa mwaka 1958, lilionja neema hiyo. Rutuba ilipopungua, mavuno yakashuka. Kwa hiyo, mfugaji wa Kitengela au Kajiado mjini, usihadaike na msimu wa kwanza: karamu ikiisha, samaki watahitaji chakula cha ziada.