Mazoezi ya Kuwakinga Wazee Wasianguke: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoa Fedha

Wakazi wengi wa Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko na Lindi mjini wanamfahamu mzee ambaye maisha yake yaligeuka kwa kuteleza mara moja tu. Pengine alikanyaga sakafu yenye maji baada ya kutawadha, au alikosa hatua aliposhuka kutoka kwenye mashua, au alijikwaa kizingitini usiku akitafuta taa. Mfupa wa nyonga unapovunjika, mtu aliyekuwa akienda sokoni na msikitini kwa miguu yake hulazwa kitandani kwa majuma mengi. Kulala huko kwaweza kuleta vidonda vya mgongoni, nimonia na kuganda kwa damu miguuni. Wako ambao hawainuki tena.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki dunia kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 kati yao wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wazee wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaofariki zaidi. Hata hivyo, kuanguka si sehemu ya lazima ya uzee. Makala haya yanaeleza mazoezi yanayosaidia, namna ya kuyafanya nyumbani, na namna ya kupima madai ya wauzaji.

Kwa nini mzee huanguka

Mwili husimama wima kwa msaada wa macho, sikio la ndani, nyayo na misuli ya miguu. Kadiri umri unavyosonga, kila kimoja kati ya hivyo hupungua nguvu. Misuli isiyotumika hupungua upesi zaidi.

Hapa ndipo upendo wa familia unapoweza kudhuru bila kukusudia. Bibi akishaanguka mara moja, wajukuu humwambia, "Keti tu, bibi, tutakufanyia." Akiketi mkekani kutwa, miguu hudhoofika, miguu ikidhoofika, hofu huongezeka, na siku atakapolazimika kuinuka peke yake, huanguka kwa urahisi kuliko mwanzo.

Yaliyothibitishwa

Mwaka 2019 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulichapisha mapitio ya majaribio 108 yaliyowahusisha wazee zaidi ya 23,000 katika nchi 25. Ilionekana kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa asilimia 23 hivi. Kwa lugha nyepesi, mahali ambapo wazee 1,000 wangeanguka jumla ya mara 850 kwa mwaka, mazoezi yangeepusha kuanguka mara 195 hivi.

Si kila zoezi lina faida hiyo. Yenye ushahidi mzuri ni yale ya kujenga mizani ya mwili, hasa yakiunganishwa na ya kuimarisha miguu. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, lakini kutembea peke yake hakutoshi. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wazee wafanye mazoezi ya mizani na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki.

Mpango mmoja unaojulikana sana ulibuniwa katika Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, ili ufanyike nyumbani. Hauhitaji mashine za gharama. Yanayofanyika huko yanaweza kufanyika pia barazani Kilwa.

Mazoezi manne ya kuanzia

Tumia kiti kizito kilichoegemezwa ukutani. Kiti chepesi cha plastiki huteleza. Vua kandambili, hakikisha sakafu ni kavu, na mtu mmoja awe karibu.

1. *Kuinuka kitini.* Keti, kisha simama na uketi tena polepole, mara 5 hadi 10. Tumia mikono mwanzoni. Nguvu zikiongezeka, iache.
2. *Kuinua visigino.* Shika fremu ya mlango au meza nzito, simama juu ya vidole vya miguu, kisha shuka taratibu. Fanya mara 10.
3. *Kusimama kwa mguu mmoja.* Huku ukishika meza, inua mguu mmoja kwa sekunde 10, kisha badilisha.
4. *Kutembea mstarini.* Tembea kando ya ukuta hatua 10, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine.

Zoezi likiwa jepesi, liongezee ugumu kidogo: punguza kushika au ongeza idadi. Zoezi lisiloyumbisha hata kidogo halifundishi mizani. Endelea nalo, kwa maana faida hupotea mtu anapoacha.

Nani aonane na mganga kwanza

Mzee aliyeanguka hivi karibuni, anayepata kizunguzungu au maumivu ya kifua, au aliyewahi kupata kiharusi aende kwanza zahanati au hospitali. Achukue dawa zote anazotumia: baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za usingizi huleta kizunguzungu, na daktari anaweza kubadili kipimo. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mwenye miaka 60 na kuendelea, na inaelekeza wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii.

Kabla ya kununua

*Dawa na virutubisho.* Hakuna chupa inayochukua nafasi ya mazoezi. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilishauri kwamba wazee wanaoishi majumbani, wasio na upungufu wa vitamini D wala ugonjwa wa mifupa kudhoofika, wasipewe vitamini hiyo kwa lengo la kuzuia kuanguka. Muuzaji akidai kwamba dawa yake "inarudisha nguvu za mifupa kwa siku saba", mwombe ushahidi na risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji.

*Mkongojo.* Urefu wake ufike kwenye kifundo cha mkono mzee akisimama wima, na ncha yake iwe na mpira usiochakaa.

*Mwalimu wa mazoezi.* Kabla ya kulipa, muulize: Je, atauliza hali ya afya ya mzee kwanza? Je, mazoezi hufanywa kwa kusimama, yakilenga mizani na miguu? Je, huongezwa hatua kwa hatua? Anayeahidi uponyaji wa haraka au kudai malipo ya miezi mingi kabla ya kuanza, muepukeni.

Kwa familia

Kumheshimu mzee si kumketisha. Futeni maji sakafuni, wekeni taa karibu na kitanda chake, na mwacheni afanye kazi anazoziweza. Kisha, siku tatu kwa wiki, simameni naye kando ya kiti huku akihesabu: moja, mbili, tatu. Kazi hiyo huchukua muda mfupi wala haihitaji fedha, na inaweza kumwezesha kuendelea kwenda sokoni kwa miguu yake mwenyewe.