Baiskeli ya Nyumbani Ni ya Mama Pia

Katika nyumba nyingi za huku kwetu Mpimbwe utaikuta baiskeli imeegemezwa ukutani. Hubeba mpunga kwenda mashineni, hubeba madumu ya maji, humbeba baba kwenda mnadani. Mama huisukuma ikiwa imejaa mzigo. Ikiwa tupu, mwenye kuipanda ni baba. Hebu akina mama wenzetu tujiulize: mtoto akiugua usiku, na baba yuko shamba la mbali, baiskeli hiyo itatufaa nini kama hatujui kuiendesha?

Swali hilo halikuzuka tu. Mwenzetu mmoja katika kikundi chetu hapa Kibaoni alimbeba mgongoni mtoto aliyeshikwa na degedege, akatembea naye gizani kutafuta matibabu, huku baiskeli imebaki nyumbani. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini mama huyo alipotusimulia habari hiyo siku ya ibada ya akina mama, tuliafikiana mambo mawili papo hapo: tujifunze kuendesha, na tukishajua twende matembezi ya siku moja, sisi wenyewe, bila mzigo na bila jembe.

Wapo waliocheka. Bibi mwenye wajukuu apande baiskeli! Tuliwajibu kwa habari za Frances Willard, mama Mmethodisti wa Marekani aliyeongoza umoja wa wanawake Wakristo wa kupiga vita ulevi. Huyo alijifunza baiskeli akiwa na umri wa miaka 53. Baiskeli yake aliipa jina la Gladys, na mwaka 1895 akatoa kitabu kidogo kueleza alivyojifunza. Ilimchukua kama miezi mitatu, kwa wastani wa robo saa kila siku. Basi nasi tukaanza kwa robo saa, jioni, katika uwanja wa mpira, vijana wetu wakitushikia keria kwa nyuma na kukimbia nasi. Mavazi yalituletea mjadala mrefu kuliko ulivyostahili. Baiskeli zetu nyingi ni za kiume, zenye bomba la juu, na ncha ya kitenge hupenda sana kuingia kwenye cheni. Tuliamua kuvaa suruali pana, na juu yake kitenge kilichofungwa vizuri kisifike mbali chini ya magoti. Wazee wa kanisa hawakuona la kulaumu.

Twende wapi sasa? Wengine walitaka kuona viboko. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, ni jirani yetu, na barabara ya kwenda Sitalike na Mpanda hupita ndani yake. Wakati wa kiangazi, mto Katuma unapokauka, viboko hurundikana katika madimbwi machache yaliyobaki, wamebanana kama magunia ghalani. Ni jambo la kuona, naam, lakini kwa gari. Mahali penye simba, nyati na tembo si pa kuchezea baiskeli, na kutembea kwa miguu humo kunataka kibali na askari mwenye bunduki. Mbung'o nao huuma hata juu ya nguo. Wengine wakataja chemchemi za Majimoto. Hapo ni mbali mno kwa watu waliojifunza juzi. Tukachagua Usevya, ili turudi jua likiwa bado juu.

Tulikuwa 12 na baiskeli 6 tu, maana baba mmoja alikataa kutoa yake. Hatukumsema vibaya, ndiyo inayomletea riziki. Tulijigawa wawili wawili. Mmoja hupanda, hutangulia mpaka nyumba au duka tulilokubaliana, hukabidhi baiskeli kwa wenyewe, kisha huendelea kwa miguu. Wa nyuma akifika, huichukua, humpita mwenzake na kwenda kuiacha mbele. Hivyo kila mtu huendesha na kila mtu hutembea, na miguu hupata nafuu kwa zamu. Akina mama wenye baiskeli chache, jaribuni utaratibu huu. Jambo moja tu: msiiache baiskeli njiani bila mtu wa kuitazama.

Tuliondoka asubuhi na mapema kabla ya joto. Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, majaruba yamekauka, na ng'ombe walikuwa wakila mabua. Njia hiyo tumeipita mara nyingi tukiwa na mizigo kichwani, macho chini, tukihesabu hatua. Safari hii tuliitazama. Mchanga ulitushusha mara kwa mara, na pancha zilikuwa mbili. Ya pili tuliiziba wenyewe.

Tulipumzika chini ya mwembe, tukala viazi vitamu na karanga, tukanywa maji tuliyoyachemsha jana yake. Tulisoma Marko sura ya 6, pale Bwana Yesu anapowaita wanafunzi wake kando wakapumzike, kwa kuwa watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Mwenzetu mmoja akasema hapo ni kama ametajwa mama anayepakua chakula cha watu wote, na chake kinapoa. Tulicheka sana. Kisha wawili wakajinyoosha kwenye kanga wakalala usingizi mchana kweupe, na hakuna aliyewaamsha.

Tuliporudi jioni, baadhi ya nyumba tulikuta maji yamechotwa na ugali umesongwa. Nyingine tulikuta moto haujawashwa, na watoto wanatungojea mlangoni. Hilo nalo tumelipanga kulizungumza na akina baba kabla ya safari nyingine.

Mwezi uliofuata, yule mama tuliyemtaja alimpeleka mtoto kliniki kwa baiskeli, akarudi, akaenda nayo kisimani. Mumewe analalamika kwamba siku hizi akiitaka baiskeli yake ni lazima kwanza aulize iko wapi.